Umetolewa waya za meno? Usiitupe riteina kabatini

Siku waya zinapotolewa, meno yamenyooka lakini hayajatulia. Nyuzi zinazoyashika kwenye ufizi bado zinayavuta yarudi yalikotoka, na mfupa unaoyazunguka huhitaji miezi kadhaa kukaza.

Hapo ndipo riteina inapoyashikilia. Kwa ile ya kuvaa na kuvua, madaktari wengi hushauri uivae karibu muda wote miezi ya mwanzo, kisha usiku tu, kwa miaka.

Ivue unapokula. Ioshe kwa maji ya baridi, maana ya moto huipinda plastiki.

Ukihisi inabana kuliko kawaida, huenda meno yameanza kuhama. Ikigoma kuingia, usilazimishe. Muone daktari mapema, la sivyo unaweza kurudi kwenye waya, na gharama zake.