Mti Ukiangukia kwa Jirani



Tumepata barua ya mwanachama mwenzetu, mzaliwa wa Pemba, ambaye biashara imempeleka bara na sasa ana shamba la mahindi na maharage huko Kalenga, katika Mkoa wa Iringa. Asema kwamba mvua zilipokolea, milingoti miwili ya jirani yake (ndiyo mikaratusi, kwa jina la huko) iling'oka ikalala juu ya mahindi yake. Jirani hajaja kutazama. Mwenzetu amekwisha tafuta msumeno, naye atuuliza: Je, yafaa apasue mbao, auze, na fedha ile iwe ndiyo fidia ya mahindi?

Kalenga hakuoti karafuu, kwa ile baridi yake. Lakini tumeona tumjibu katika ukurasa huu badala ya kumwandikia peke yake, kwa sababu swali lake ndilo lile lile tuletewalo hapa afisini kila baada ya pepo kali. Hubadilika jina la mti tu.

Jawabu letu ni kwamba asipasue, na msumeno aurudishe alikoutoa, kwa sasa.

Sheria ya Ardhi ya bara, ya mwaka 1999, imevihesabu vitu viotavyo juu ya ardhi kuwa ni sehemu ya ardhi yenyewe. Basi mwenye mahali liliposimama shina ndiye mwenye mti, na kuanguka hakumbadili mwenyewe. Ng'ombe akivuka mpaka hawi mali ya mwenye shamba aliloingia, na gogo ni vivyo hivyo. Sheria ya mazoea ya Kiingereza, ambayo mahakama za Tanganyika ziliipokea tangu mwaka 1920, yasema kwamba tawi likivuka mpaka una ruhusa ya kulikata mpaka kwenye mstari wako, lakini kuni zake si zako. Mwenzetu akipasua na kuuza, leo ni mdai, kesho atakuwa mdaiwa. Tena mbao hazisafirishwi kutoka huko bila ya hati ya mazao ya misitu, na atakapoulizwa mti aliukata wapi, atajibu nini?

Jambo la pili ni fidia, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Watu hudhani kwamba maadam mti ni wake, basi hasara nayo ni yake. Sivyo. Tufani ya tarehe 15 Aprili 1872, zama za Seyyid Barghash, iliiangusha sehemu kubwa kabisa ya mikarafuu ya Unguja. (Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya Pemba kuongoza kwa karafuu tangu wakati ule.) Siku kama ile, nani angemdai nani? Mti mzima, wenye afya, ukiangushwa na upepo ambao mtu hawezi kuuzuia, kila mmoja hubeba yaliyompata.

Lakini mti uliooza shina, au ulioinama mwaka wa tatu sasa, au ambao mwenyewe ameikata mizizi yake kwa kuchimba mtaro, huo ni shauri jingine. Linalotazamwa ni hili: mwenyewe alijua, au ilimpasa kujua, kwamba ni wa hatari? Kama alikwisha ambiwa mbele ya watu akapuuza, hana pa kutokea. Kwa hiyo twamwomba mwenzetu ajiulize kama aliwahi kumwambia jirani yake neno lolote juu ya milingoti ile kabla haijaanguka. Kama hakusema, naye alikuwa akiiona kila siku, dai lake ni dhaifu, nasi hatupendi kumpa matumaini ya uongo. Asitazame shina tu, atazame na mizizi: je, imekatika ikiwa mibichi, au imekatika kwa kuoza? Siku hizi simu ya mkononi hupiga picha. Apige leo, kabla gogo halijaondolewa.

Kisha aende kwa jirani. Si kumwita, bali kwenda mwenyewe. Kalenga ni kwa Wahehe, ndiyo ngome ya Mtwa Mkwawa iliyovunjwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na watu wa huko hawaanzi maneno bila ya salamu. Mgeni aliyejifunza kusema "Kamwene" husikilizwa upesi zaidi kuliko mgeni mwenye haki. Akifuatana na mzee mmoja wa pale, au mwenyekiti wa kitongoji, ni bora zaidi. Aseme tu kwamba mti umelala kwake, na waende pamoja wakautazame. Neno la fidia lisiwe la kwanza kutoka kinywani.

Wakiwa shambani, wahesabu kwanza mashina ya mahindi yaliyolala, maana gogo likianza kukokotwa litavunja mengine, na hapo hakuna atakayejua lipi lilivunjwa na mti na lipi na watu. Wapatane siku ya kuliondoa, njia litakakopita, na nani atalipa msumeno. Sisi tumeona mapatano ya namna nyingi, na yanayodumu mara nyingi ni haya: mwenye mti huchukua gogo lake, akaacha matawi yote yawe kuni za aliyeharibiwa, akalipa na kazi ya kusafisha shamba. Yaandikwe katika karatasi, majina mawili na mashahidi wawili. Karatasi ya daftari yatosha.

Ikishindikana, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Wajumbe wake ni saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Juu yake liko Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halihukumu tena mashauri ya ardhi bali husuluhisha, na limepewa siku 30 kwa kazi hiyo, ndipo mtu apate njia ya kwenda baraza la wilaya. Nauli za kwenda na kurudi mjini Iringa, na siku za kazi zitakazopotea, azipime na thamani ya mahindi yale. Tunadhani atabaki kitongojini.

Sasa turudi visiwani, maana hapa kuna tofauti kubwa. Kwetu mti waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine, kwa urithi, kwa kuuziana, au kwa ruhusa ya kupanda. Na tangu ugawaji wa eka tatu tatu ulioanza mwaka 1965, mipaka imepita katikati ya mashamba yaliyopandwa zamani bila ya kuijua mipaka hiyo. Basi kwetu haitoshi kuuliza shina lilisimama wapi. Lazima uulize mti ni wa nani. Na kama mpaka unapita katika shina lenyewe, na hakuna ushahidi mwingine, uhesabuni ni wa wote wawili, na mmoja asiuuze peke yake.

Jambo hili ni la kale. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa habari ya Samura bin Jundub, aliyekuwa na mitende katika bustani ya mmoja wa Ansari. Alikuwa akiingia humo na kumtaabisha mwenyewe na watu wa nyumba yake. Mtume (s.a.w.) alimtaka auze, akakataa, abadilishane, akakataa, atoe kwa thawabu, akakataa. Ndipo akaambiwa kuwa yeye ni mwenye kudhuru, na yule Ansari akaruhusiwa kuing'oa. Wanavyuoni wamesema yao juu ya sanadi yake, lakini tazameni mpango wa mambo: yule Ansari hakushika shoka kwa shauri lake. Alishitaki, mwenzake akapewa njia tatu, na ruhusa ikatoka kwa hakimu.

Mkarafuu una mashaka yake zaidi. Ukianguka na karafuu zake, karafuu ni za mwenye mti, na hazingoji. Yuko mwenye ardhi ambaye husema, "Huingii mpaka unilipe muhogo wangu," na wakati wanagombana zinaharibika. Huo ni ujinga, twasema wazi. Zichumwe kwanza, wote wawili wakiwapo, zipimwe, zianikwe, na makonyo nayo yasitupwe maana hununuliwa kwa kiwanda cha mafuta cha Wawi. Kisha ndipo mzungumze habari ya muhogo. Na kumbukeni kuwa mkarafuu haukatwi bila ya kibali. Ulioanguka mwonyesheni sheha na bwana shamba kabla ya kutia shoka, msije mkadhaniwa mmeuangusha ninyi.

Limebaki shina. Mara nyingi mti ulioanguka ndio uliokuwa alama ya mpaka, na tumeona mtu akilichimba shina, akafukia shimo, na mwaka wa pili ndizi zake zikaota hatua tatu ng'ambo. Shina lisiguswe wala shimo lisifukiwe mpaka wenye mashamba wote wawili wafike, pamoja na sheha au mwenyekiti wa kitongoji, na waweke jiwe pale pale lilipokuwa.