Nyama ya Sokoni Korintho

Korintho ulikuwa mji mkubwa wa Uyunani, penye shingo nyembamba ya nchi iliyo kati ya bahari mbili. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo. Ukajengwa tena mwaka 44 kabla ya Kristo kwa amri ya Julius Caesar. Mtume Paulo alifika huko karibu na mwaka 50 baada ya Kristo, akakaa mwaka mmoja na miezi sita, akishona hema pamoja na Akila na Prisila ili apate riziki, na huku akihubiri Injili.

Katika mji huo mahekalu yalikuwa mengi. Mnyama alipochinjwa mbele ya sanamu, sehemu yake iliteketezwa madhabahuni, sehemu walipewa makuhani, na nyama iliyosalia iliandaliwa karamuni au ilipelekwa sokoni. Mnunuzi hakuweza kuitambua kwa kuitazama. Tena watu walikula karamu hata katika viwanja vya mahekalu. Wachimbaji wa mambo ya kale wameviona vyumba vya kulia karibu na hekalu la Asklepio. Basi Wakristo wakaulizana, Je, ni halali kula nyama hiyo?

Wakagawanyika. Wengine walisema kwamba sanamu si kitu, na nyama ni nyama tu. Wakala popote, hata hekaluni. Lakini wengine walikuwa wameiacha miungu ile jana na juzi. Kwao kila tonge lilikuwa ibada ya zamani, na mioyo yao ikawahukumu.

Paulo angaliweza kuandika sheria moja ya kukataza nyama yote, au kumwacha kila mtu afanye apendavyo. Hakufanya hili wala lile. Karibu na mwaka 55 aliwaandikia waraka kutoka Efeso, akapambanua mambo matatu. Kwanza, nyama ya sokoni mtu ainunue na kuila pasipo kuuliza-uliza, kwa kuwa vitu vyote ni vya Mungu. Pili, akialikwa nyumbani kwa asiyeamini, ale alichoandaliwa. Lakini mtu akimwambia kwamba nyama hiyo ni sadaka ya sanamu, aiache kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyemwambia. Tatu, asiketi kamwe kwenye meza ya sanamu, maana huko si kula tu, bali ni kushiriki ibada.

Huenda mtu akasema, “Aiachaye nyama kwa ajili ya mwenziwe amerudi chini ya sheria.” Sivyo. Tazama habari za Timotheo na Tito. Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, alitahiriwa na Paulo, ili Wayahudi wasikatae kumsikiliza. Lakini watu walipotaka Tito, aliye Myunani, alazimishwe kutahiriwa, Paulo hakukubali hata kidogo. Tendo ni moja. Sababu ni mbili. Kwa Timotheo lilikuwa msaada kwa watu wengine. Kwa Tito lingalikuwa kongwa, kana kwamba neema ya Mungu haitoshi.

Basi mshika sheria huuliza, “Nifanye nini nihesabiwe mwema?” Kisha huwapima wenziwe kwa kipimo chake. Mwenye kiburi huuliza, “Nani awezaye kunizuia?” Lakini aliye huru kweli huuliza, “Jambo hili litamjenga ndugu yangu, au litambomoa?” Maana yule dhaifu, akimwona mwenye maarifa ameketi hekaluni, ataiga, atatenda asiloliamini, na imani yake itavunjika. Karamu ya saa moja yaweza kumpoteza mtu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake. Ndiyo sababu Paulo alikuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza mmoja.

Uhuru huu hauhusu wizi, uongo wala uzinzi. Hayo ni mabaya kwa watu wote na siku zote. Wahusu mambo kama chakula na sikukuu, ambayo kwayo watu wema hutofautiana. Katika hayo, alaye asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu alaye. Kwa kuwa wote wawili ni watumishi wa Bwana mmoja, naye ndiye atakayewauliza hesabu.