Kiuno Kinapobana Mishipa (2): Upasuaji Unafungua Nini?

Wiki iliyopita tuliona jinsi mfereji wa uti wa mgongo unavyokuwa mwembamba kadiri umri unavyosonga: diski zinatuna, viungo vya pingili vinaota vijifupa, ukano wa ndani unanenepa. Mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni inabanwa. Mgonjwa akitembea kidogo tu, miguu inakufa ganzi. Akiinama au kuketi, anapata nafuu. Ndiyo maana mzee aliyeshindwa kufika sokoni kwa miguu huweza kuendesha baiskeli bila taabu.

Leo tuingie chumba cha upasuaji. Mgonjwa akishapewa dawa ya usingizi hulazwa kifudifudi, tumbo likiachwa huru lisigandamizwe, maana likigandamizwa damu hutoka nyingi zaidi mgongoni. Daktari hupiga eksirei pale pale mezani kuhakikisha yuko kwenye pingili iliyokusudiwa. Mara nyingi ni kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni. Misuli husogezwa kando, kisha mfupa unaofunika mfereji kwa nyuma humegwa kidogo kidogo pamoja na ule ukano. Hapo ndipo pagumu. Ukano ukiwa umeshikamana na utando wa mishipa, utando unaweza kuchanika, maji ya uti wa mgongo yakavuja, ikabidi ushonwe.

Wagonjwa wengi hudhani bila kuwekewa vyuma vya kuunganisha pingili upasuaji haujakamilika. Si kweli. Watafiti wa Sweden walifuatilia wagonjwa 247, baadhi wakifunguliwa mfereji tu, wengine wakiunganishwa pingili pia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa sawa, ila waliounganishwa walipoteza damu zaidi, wakalazwa muda mrefu zaidi, na gharama yao ikawa kubwa. Vyuma vina mahali pake, hasa pingili zikiwa zinacheza au mgongo umepinda sana. Basi ukiambiwa utawekewa, muulize daktari wako sababu, naye akueleze kwa picha zako mwenyewe.

Tena ujue kwamba upasuaji huu hutuliza miguu kuliko kiuno. Anayeumwa kiuno peke yake, miguu ikiwa mizima, mara nyingi hatanufaika nao.

Wengi wana nafasi ya kujaribu kwanza mazoezi na dawa. Lakini mkojo ukikataa kutoka, au ukitoka bila mtu kujua, na ganzi ikashika sehemu za kukalia, usingoje siku ya kliniki: mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.