Kompyuta Inavyoamka (3): Mwongozo Uliopitwa na Wakati

Wiki iliyopita tuliona jinsi chipu ndogo kwenye ubao mama inavyoiamsha kompyuta kabla Windows au Linux haijaanza kazi. Programu iliyomo ndani ya chipu hiyo ndiyo famwea. Tuliugusia pia mradi wa coreboot, ulioanza mwaka 1999 katika maabara ya Los Alamos, Marekani, kwa jina la LinuxBIOS, kisha mwaka 2008 ukapewa jina ulilonalo sasa. Mradi huu humpa mwenye mashine famwea ya chanzo huria, ambayo anaweza kuisoma na kuirekebisha, mahali pa ile iliyofungwa na kiwanda. Leo nazungumzia jambo ambalo wengi hulipita bila kuliangalia: miongozo ya mashine ambazo mradi umeshaziacha ifanyweje?

Nianzie mezani kwa fundi mmoja kijana anayetengeneza na kuuza laptopu za mtumba. Alikuwa na ThinkPad X200 mbili. Kuiwekea mashine hiyo famwea huria kwa mara ya kwanza ni kazi ya bisibisi: unaifungua, unaibana chipu kwa kibanio chenye meno ya shaba, kisha unaiandika upya kutoka kompyuta nyingine. Kijana alikuwa na karatasi alizochapisha kitambo, zimeshapata madoa ya chai, na zilimwelekeza anunue kifaa cha bei rahisi cha kuandikia chipu, CH341A, kile cheusi. Laptopu ya kwanza ilikuwa imeshakufa: taa inawaka, kioo cheusi.

"Mwalimu, nimefuata kila mstari," akaniambia.

Tulikuwa hatujaigusa ya pili. Nikachukua mita, nikaipima njia ya data ya kile kifaa. Chipu ile ni ya volti 3.3. Mita ikasoma karibu 5.

Kasoro hiyo ya CH341A nyeusi sasa inajulikana sana, na miongozo mipya humwonya msomaji waziwazi au humshauri atumie kitu kingine, kama Raspberry Pi Pico, ambayo njia zake ni za volti 3.3. Siwezi kuapa kwamba volti zile ndizo zilizoiua laptopu ya kwanza. Ninachojua ni kwamba kijana hakukosea kusoma. Alisoma kwa uangalifu maneno ambayo hayakuwa na tarehe wala namba ya toleo, na hakuwa na njia ya kujua kwamba wenye ujuzi walishayaacha.

Ndiyo maana siwaoni wanaofuta miongozo ya zamani kuwa waharibifu. Mwongozo wa famwea haufanani na kitabu cha historia. Ni maagizo ya mkono: bana hapa, andika hiki, washa. Msimbo ukibadilika na maagizo yakabaki yalivyo, anayeumia ni yule mwenye mashine moja tu.

Lakini kwa nini msimbo wenyewe huondolewa? Kompyuta inapowashwa, RAM bado haijaandaliwa. Huwezi kuweka kitu humo. Programu za lugha ya C kwa kawaida huitegemea RAM, kwa hiyo watu wa coreboot walitumia kompaila ya pekee iliyoitwa romcc, iliyobana hesabu zote ndani ya rejista za prosesa, vijisanduku vichache mno. Ilikuwa kazi ya akili kubwa. Baadaye ikazoeleka njia nyingine: kuifanya kache ya prosesa iwe RAM ya muda mpaka RAM yenyewe iamke. Kuendelea kuzibeba njia zote mbili ni kama kulisha nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Toleo la 4.11 lilipotoka Novemba 2019, ilikuwa imeshatangazwa kwamba baada yake mbao mama zisizohamishiwa kwenye utaratibu mpya zitaondolewa.

Miongoni mwa zilizoondoka ni ASUS KGPE-D16, ubao wa seva wenye nafasi ya prosesa mbili za Opteron na vipande 16 vya RAM. Wapenzi wa programu huria waliuthamini kama mboni ya jicho, kwa kuwa ulikuwa miongoni mwa mbao zenye nguvu zilizoweza kuamka bila famwea ya siri. Hakuna aliyeuchukia. Kilichokosekana ni mikono ya kuuhamisha na kuupima kwenye mashine halisi, na ubao usiopimwa na mtu, hata msimbo wake ukiwa mzuri, ni ahadi tu.

Nyaraka za coreboot hukaa katika hazina moja na msimbo wake, chini ya Git, programu inayotunza kila hatua ya mabadiliko. Hilo ni jambo la busara sana, na ndilo linalonifanya niunge mkono ufutaji. Ukiondoa ubao pamoja na ukurasa wake kwenye tawi kuu, havipotei. Anayelichukua toleo la 4.11 atapata msimbo wa enzi hiyo na maelezo ya enzi hiyo, vikikubaliana. Ndivyo KGPE-D16 ilivyoweza kuwa na maisha ya pili: kampuni ya 3mdeb ya Poland iliufanyia kazi tena ubao huo chini ya jina la Dasharo.

Ninapopingana na baadhi ya wafutaji ni kwenye ukimya. Orodha ya mbao zilizoondolewa huandikwa katika maelezo ya toleo, ni kweli, lakini fundi wa mtumba hatafuti maelezo ya toleo. Anatafuta jina lililochapwa chini ya laptopu yake. Akikuta ukurasa hauna kitu, atageukia nakala yoyote aliyoweka mtu yeyote, na hapo tunarudi kwenye karatasi zenye madoa ya chai. OpenWrt, mradi wa famwea ya ruta, wamelishika hili vizuri zaidi. Ruta zenye flashi ya MB 4 na RAM ya MB 32 hazitoshi tena kwa matoleo mapya, na toleo la 19.07 lilikuwa la mwisho kuzihudumia. Kurasa zake hazikufutwa, ila msomaji hukuta onyo kwamba kifaa hiki kimefika mwisho. Mistari miwili mitatu tu, na mtu ameokoa pesa yake.

Basi kwa wanaotunza miradi hii, wakiwemo vijana wetu wanaoanza kuchangia: futeni maagizo, lakini pale yalipokuwa acheni jina la mashine, toleo la mwisho lililoihudumia na sababu ya kuondolewa. Na wewe fundi unayechapisha miongozo, chukua kalamu leo uandike juu ya kila karatasi tarehe uliyoichapisha na toleo linalohusika. Karatasi isiyojulikana ni ya lini usiishikie kibanio.

Wiki ijayo: kusoma namba ya chipu na kujua volti zake kabla ya kuigusa.