Waliosoma Pamoja Hujuana Siku ya Kimbunga

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Neno hilo kila askari hulifahamu, kwani yeye huwapata rafiki zake mahali ambapo dhiki yenyewe ndiyo mwalimu: katika kwata ya alfajiri, katika mwendo mrefu wenye mzigo mgongoni, na katika bweni ambamo vitanda hupangwa kwa mstari na siri ya mtu haikai siku mbili. Lakini kozi ikiisha na viapo vikiliwa, kila mmoja hupewa kituo chake, na huyu hamwoni yule kwa miaka mingi. Je, urafiki ule huenda wapi?

Yafaa tuitazame nchi ya Marekani, ambako jambo hili limewekewa utaratibu. Huko vipo vyuo vya kufundisha maofisa: West Point cha jeshi la nchi kavu, kilichoanzishwa mwaka 1802, Annapolis cha wanamaji, cha mwaka 1845, na kile cha Kikosi cha Ulinzi wa Pwani, kilichoko New London katika jimbo la Connecticut. Kadeti hukaa chuoni miaka minne. Darasa lao huitwa kwa mwaka wa kuhitimu, huwa na pete yake, na huwa na katibu wake ambaye kazi yake haina cheo wala mshahara. Katibu huyo hupokea habari za wenzake na kuziandika katika gazeti la wahitimu: fulani amestaafu, fulani ameoza binti, mke wa fulani ametoka hospitali, fulani ametutoka na wenzake walikwenda kumzika.

Mtu asiyejua ataziona habari hizo kuwa porojo za wazee. Ama kwa hakika hizo ni akiba, nayo akiba hujulikana thamani yake siku ya haja.

Siku hiyo iliwafikia wengi tarehe 29 Agosti 2005, pale kimbunga kilichoitwa Katrina kilipotua katika pwani ya Louisiana na kuendelea hadi Mississippi. Mji wa New Orleans, ambao sehemu zake nyingi ziko chini ya usawa wa bahari, ulikingwa kwa kuta na matuta ya kuzuia maji. Kuta hizo zilibomoka mahali pengi, na maji yakafunika kiasi cha asilimia 80 ya mji. Watu zaidi ya 1,300 walipoteza maisha katika msiba huo. Wengine walikimbilia darini, na maji yalipowafuata huko wakatoboa paa ili wapate kupunga nguo na kuomba msaada.

Kikosi cha Ulinzi wa Pwani kilikuwa kimeziondoa mapema helikopta na mashua zake katika njia ya kimbunga. Siku ile ile, upepo ungali mkali, vilirejea na kuanza kuokoa. Waokoaji waliteremshwa kwa kamba ya chuma juu ya mapaa, wakatumia mashoka kuwatoa waliofungiwa ndani. Hadi kazi ilipomalizika, watu zaidi ya 33,000 walikuwa wameokolewa au kuhamishwa na kikosi hicho, wakiwamo wagonjwa wa hospitali.

Katika kazi hiyo lilionekana jambo moja la kujifunza. Helikopta na wafanyakazi wake walitoka vituo vingi vya mbali. Rubani wa kituo hiki, fundi wa kituo kile na mwogeleaji wa kituo cha tatu walipanda chombo kimoja bila ya kuwahi kuonana, wakafanya kazi kama watu waliozoeana. Hapakuwa na muujiza: mafunzo yao yalikuwa ya namna moja, na kila mmoja alijua mwenzake atafanya nini kabla ya kuambiwa. Kadhalika, chuo cha New London ni kidogo, na kila mwaka hutoa wahitimu wapatao 200 tu. Ofisa wake anapopiga simu kituo cha mbali kuomba mashua au mafuta, mara nyingi humwomba mtu aliyewahi kula naye meza moja.

Lakini, ndugu msomaji, liko swali gumu zaidi ambalo mama wa nyumbani hulijua kuliko kamanda. Wengi wa askari hao waliokuwa wakiokoa nyumba za watu walikuwa na nyumba zao wenyewe chini ya maji. Kituo chao cha Gulfport, katika pwani ya Mississippi, kiliharibiwa kabisa. Mtu atawezaje kumbeba mtoto wa jirani asiyemjua hali hajui wanawe mwenyewe wamelala wapi? Wajibu humwita huku, na moyo humvuta kule.

Hapo ndipo daftari la katibu wa darasa linapopata kazi mpya. Aliyezoea kuuliza habari za harusi sasa huuliza: nani anaishi pwani? Familia yake iko wapi? Nani ana chumba kitupu, nani ana lori, nani anaweza kuwapeleka watoto shuleni pamoja na wake? Aliyestaafu husafiri na msumeno wa kukatia miti iliyoanguka. Na kwa kuwa wake na waume wa maofisa hao wamekuwa wakisomeana habari miaka yote, mama mwenye watoto watatu habishi hodi kwa mgeni. Anaingia nyumba ambayo watoto wake hujulikana kwa majina. Ofisa aliye kazini akipata habari hiyo, mkono wake haumtetemeki tena.

Hata hivyo, urafiki wa chuo una hatari yake. Wenzi wakisaidiana wao kwa wao tu, huwa kama ukoo uliojifungia mlango. Katika msiba ule tunaona mfano mzuri wa kinyume chake. Thad Allen alihitimu New London mwaka 1971, na tarehe 9 Septemba 2005 alikabidhiwa kuongoza shughuli za serikali kuu katika eneo la maafa. Jenerali Russel Honoré, aliyeongoza majeshi yaliyopelekwa huko, alihitimu mwaka huo huo wa 1971, lakini si katika chuo cha kijeshi. Yeye ni mwana wa Louisiana aliyesoma Southern University, chuo cha raia, na huko somo lake lilikuwa kilimo. Walifika kwa milango miwili, wakafanya kazi moja.

Nao walifundisha somo lile lile. Honoré alionekana katika barabara za New Orleans akiwaamuru askari washushe mitutu ya bunduki zao, kwa kuwa waliokuwa mbele yao walikuwa wahitaji na si adui. Allen aliwakusanya watumishi mjini Baton Rouge, akawataka wamtendee kila aliyepatwa na maafa kama mtu wa nyumba yao wenyewe. Yaani, udugu uliojifunza bwenini usiishie bwenini. Umfikie na yule ambaye hujapata kumwona.

Sisi katika Uganda hatuna vimbunga vya bahari, lakini milima yetu inaporomoka. Mwezi Machi 2010 ardhi iliteremka Bududa, katika miteremko ya Mlima Elgon, ikafunika kijiji cha Nametsi. Askari walikwenda kuchimba kwa majembe na sepetu mahali ambapo mashine hazikuweza kufika. Wapo miongoni mwa wasomaji wetu wanaolikumbuka tope lile.

Basi, afande uliye kambini, nawe mama unayetunza nyumba: andikeni daftari. Andikeni majina ya mliohitimu pamoja, vituo vyao, majina ya wake au waume zao na ya watoto wao. Mtoto akizaliwa, pelekeni salamu. Mwenzenu akifiwa, msingoje mpewe likizo ndefu. Hata ujumbe mfupi wa simu humfariji aliyefikwa. Msidharau habari ndogo. Kwani siku maji yatakapopanda, au mlima utakaposhuka, hapatakuwa na nafasi ya kuanza kujuana. Kila mtu atakwenda na urafiki aliouweka tangu zamani, na wale walio juu ya paa watauhitaji kuliko yeye.