Usiniulize Tena Asilimia Ngapi

"Mwalimu, nibadilishe asilimia ngapi ili iwe yangu?"

Swali hili naulizwa Kimemi hapa Butembo, naulizwa Beni, naulizwa hata kwa ujumbe wa sauti saa za usiku ambapo watu wenye kazi kesho yake wamelala. Anayeuliza huwa kijana mwenye mkono mzuri: mchora vibao vya saluni, mchapaji wa fulana, au mwanafunzi anayetengeneza katuni fupi kwa simu. Wa mwisho kunijia alikuwa na shujaa aliyemwita Kambale. Huyo Kambale alikuwa na nywele za miiba, mistari mitatu kila shavu, na kitambaa chenye bati kwenye paji la uso. Nguo za rangi ya machungwa zilikuwa zimegeuzwa kijani. Alama ya jani kwenye bati ilikuwa imefutwa, na mahali pake pakachorwa jani la kahawa. "Nimebadili asilimia arobaini," akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha piga hesabu. Nikamwambia, kijana, huyu ni Naruto, yule ninja wa katuni za Kijapani. Akanirudishia jibu ambalo nalo nimelichoka: "Mbona Wajapani walimchukua Lupin wa Wafaransa na hakuna aliyewafunga?"

Nayajibu yote mawili hapa, ili atakayekuja wiki ijayo apewe ukurasa huu kwanza.

Hakuna asilimia. Haimo katika Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, ambayo ndiyo sheria yetu ya haki za watunzi. Haimo katika Mkataba wa Berne, ambao nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imo ndani yake tangu 1963. Wengine wanasema kumi, wengine ishirini, wengine thelathini, na huko kutofautiana peke yake kungetosha kumshtua mtu. Uzushi huu una ndugu yake katika muziki, eti sekunde chache za wimbo wa mtu hazina mwenyewe. Nazo hazimo popote.

Hebu fikiri hiyo asilimia ingepimwaje. Je, tuhesabu mistari ya kalamu? Rangi? Eneo la karatasi? Kambale amebadilishiwa nguo, na nguo ndizo sehemu kubwa ya mwili wake. Kwa kipimo cha eneo kweli amebadilika sana. Lakini mtoto wa miaka saba akimwona ukutani anasema "Naruto" kabla hajamaliza kusimama. Sheria inauliza kile ulichochukua kwa mwenzako, na kama kinatambulika. Ulichoongeza juu yake ni chako, nakubali, lakini hakifuti ulichochukua. Kambisti wetu, mbadilisha fedha wa mtaani, anajua jambo hili vizuri kuliko wachoraji wetu. Akiinua noti ya dola mia kwenye mwanga na kuona kasoro, hakuambii kwamba ni halali kwa asilimia tisini, basi akupe dola tisini. Anakurudishia noti yote.

Huko Japani swali hili lilifika Mahakama ya Juu, na kilicholipeleka huko ni tai ya shingoni. Mfanyabiashara aliuza tai zenye picha ya Popeye, yule baharia mla mchicha aliyeonekana mara ya kwanza Januari 1929. Hukumu ilitoka Julai 1997. Majaji walisema tabia ya mhusika, ikielea hewani bila mchoro, si kazi inayolindwa. Kinacholindwa ni michoro yenyewe. Papo hapo wakasema kwamba mnakili haponi kwa kuwa picha yake hailingani na mchoro wowote mmoja uliokwisha chapishwa. Inatosha kwamba sifa zake zinamfanya mtazamaji aone kuwa huyo ni Popeye. Mchoro wa 1929 wenyewe ulikuwa umekwisha muda wa ulinzi, na hilo lilimsaidia muuza tai. Asilimia haikumsaidia yeyote, maana hakuna aliyeiuliza.

Sasa Lupin, ambaye vijana wanamleta kwangu kama shahidi wao. Wamemwona mwigizaji Omar Sy katika mfululizo wa Netflix wa Lupin, wamemtafuta Lupin kwenye simu, wakamkuta Mjapani mwenye miguu mirefu na koti jekundu, wakahitimisha: wizi umekubaliwa. Hawakusoma zaidi ya picha.

Arsène Lupin, mwizi muungwana, alitungwa na Mfaransa Maurice Leblanc mwaka 1905. Mwaka 1967 mchoraji wa Hokkaido aitwaye Kazuhiko Kato, ambaye dunia inamjua kwa jina la Monkey Punch, alianza kuchora Lupin wa Tatu katika jarida la Manga Action, akidai kwamba shujaa wake ni mjukuu wa yule wa Leblanc. Hakuomba ruhusa. Hapo kijana wangu anapiga makofi. Asubiri.

Monkey Punch alichukua nini hasa? Jina, na ule udugu wa kubuni. Uso haukuwa wa Leblanc, kwa sababu Leblanc aliandika riwaya na hakuchora katuni. Mstari wa kalamu ulikuwa wa Monkey Punch mwenyewe, ukiwa umejifunza kwa wachoraji wa jarida la Kimarekani la MAD. Jigen mwenye kofia iliyofunika macho, Goemon mwenye upanga, Fujiko anayemsaliti kila mtu, Inspekta Zenigata anayemfukuza Lupin bila kumpata: hakuna hata mmoja wao katika vitabu vya Leblanc. Kila kitu kilikuwa kipya isipokuwa jina.

Na lile jina peke yake lilitosha kuleta shida. Wenye haki za Leblanc walilalamika, na mfululizo wake wa televisheni ulipotoka nje ya Japani Lupin alilazimika kujificha. Ufaransa, nchi ya babu yake, ilimwonyesha kwenye televisheni mwaka 1985 akiitwa Edgar, mpelelezi mwizi. Wazee wetu waliokulia kwenye kanda za video za Kifaransa wanamjua Edgar na hawamjui Lupin wa Tatu. Huko Marekani zipo kanda zilizouzwa zikimwita Rupan. Hivyo ndivyo alivyolipa mtu aliyechukua jina tu. Wewe uliyechukua uso, nywele, mashavu na kitambaa, ukaacha jina, umefanya kinyume chake kabisa. Umeacha kitu kimoja ambacho Monkey Punch alichukua, na umechukua vyote alivyojichorea mwenyewe. Halafu unamwita shahidi wako!

Atatokea mjuaji wa kuniambia kwamba Leblanc naye aliiba. Kweli, mwaka 1906 alimwingiza Sherlock Holmes katika hadithi yake, Arthur Conan Doyle akachukia, na Leblanc akageuza herufi: Herlock Sholmès. Kubadili jina kukamponya. Kulimponya kwa sababu mashtaka yalikuwa juu ya jina. Kisa kilikuwa chake na kila sentensi ilikuwa yake. Dawa ya kubadili jina inamtibu aliyeazima jina. Kumpa Naruto jina Kambale hakumwondolei hata mstari mmoja shavuni.

Uzushi wa pili katika hadithi hii ni kwamba mwongozaji wa filamu za katuni Hayao Miyazaki ndiye aliyemtunga Lupin wa Tatu. Hakumtunga. Alimrithi akiwa mwajiriwa. Mfululizo wa kwanza wa televisheni ulianza Oktoba 1971 chini ya mwongozaji Masaaki Osumi, ukilenga watu wazima, na watazamaji wakawa wachache. Osumi akaondolewa, kazi wakapewa vijana wawili, Isao Takahata na Miyazaki. Ukafungwa baada ya sehemu 23 tu. Miaka minane baadaye, Desemba 1979, Miyazaki akatoa filamu yake ndefu ya kwanza kabisa kama mwongozaji, na ilikuwa ya Lupin: Ngome ya Cagliostro. Alikuwa na miaka 38.

Itazame hiyo filamu ukiwa na daftari, maana ni darasa la namna ya kuazima. Inaanza na Lupin na Jigen wakikimbia kutoka kasino ya Monaco, gari limejaa noti hadi madirishani. Lupin anashika noti moja, anaichunguza, anagundua kwamba ni bandia, bandia iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Basi wanazimwaga zote barabarani, na filamu yote iliyobaki ni safari ya kwenda kumtafuta anayezitengeneza. Gari lao ni Fiat 500 ndogo ya njano. Katika sehemu za mwanzo za mfululizo wa 1971 Lupin aliendesha Mercedes ya kifahari. Fiat ilikuwa gari la Yasuo Otsuka, mkuu wa wachoraji, ambaye alikuwa nayo kweli na aliijua kila kishikizo. Clarisse, binti anayekimbia harusi, anaendesha Citroën 2CV, na hilo lilikuwa gari la Miyazaki mwenyewe. Walichora walichokigusa.

Jina Cagliostro limetoka katika riwaya ya Leblanc ya 1924. Magofu ya Kirumi yaliyofichwa chini ya ziwa yamo katika riwaya yake nyingine, ya 1927. Ngome yenye mitego na sakafu zinazofunguka inamkumbusha mtu katuni ya Mfaransa Paul Grimault, ambayo Miyazaki na Takahata waliipenda tangu ujana. Angalia alivyochukua: wazo la ziwa, wazo la ngome, harufu ya mahali. Hakunakili ukurasa wala picha. Na mhusika alimgeuza hivi kwamba Monkey Punch aliisifu filamu lakini akasema huyo si Lupin wake, kwa kuwa Lupin wake ana sumu zaidi na hana huruma kiasi hicho. Mwenye mhusika anaposema hamtambui tena, hapo kweli kuna kazi mpya. Kishimoto, mchoraji wa Naruto, akimwona Kambale atamtambua akiwa ng'ambo ya barabara.

Omar Sy yeye yuko upande salama kabisa. Leblanc alifariki Novemba 1941. Ufaransa inalinda kazi miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo tangu Januari 2012 Lupin ni wa kila mtu huko. Mfululizo ulitoka Januari 2021. Tena hata pale walipokuwa huru kumchukua mzima mzima, hawakumchukua: Assane Diop, mtoto wa mhamiaji kutoka Senegal, ni msomaji wa vitabu vya Lupin anayejifunza humo mbinu za kulipiza kisasi cha baba yake.

Kuna utetezi wa mwisho, unaosemwa kwa kicheko: "Nani atatoka Tokyo kuja Butembo kunishtaki?" Pengine hakuna. Lakini YouTube haihitaji kupita mpaka wa Kasindi ili ifute video yako. Shirika linalotaka katuni ya afya, kama yale yaliyojaa hapa wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, linakupa mkataba wenye kifungu unachosaini kwamba kazi ni yako. Ukisaini juu ya Naruto, umesaini uongo kwa jina lako kamili. Na siku utakapomtunga shujaa wako kweli, ukamkuta kwenye fulana sokoni akiuzwa na mtu asiyekujua, utamlalamikia nani, kwa mdomo gani?

Sasa unaweza kufanya nini. Haraka haraka:

Nakili kadiri unavyotaka kwa kujifunza. Jaza madaftari kwa Naruto na Goku, hakuna atakayekuuliza. Kinachobadilisha mambo ni kutoa hadharani na kuuza.

Tumia kazi zilizokwisha muda. Kwa sheria yetu ni miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa Ufaransa ni 70, kwa hiyo ukitaka kuuza nje hesabu 70. Lupin wa Leblanc yuko huru. Lupin wa Monkey Punch, aliyefariki Aprili 2019, hayuko huru. Goku wa mchoraji Akira Toriyama, aliyefariki Machi 2024, hutamgusa kabla ya 2074 kumalizika, hata kwa hesabu yetu fupi.

Chimba hadithi za nyumbani. Jean-Michel Kibushi, aliyefungua njia ya filamu za katuni nchini mwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitengeneza filamu ya chura aliyekwenda ukweni, kutoka hadithi ya kimila. Bibi yako anazo nyingine, na hajaziuza kwa Netflix.

Omba ruhusa kwa maandishi ikiwa mwenye kazi yu hai na anapatikana. Mkongomani mwenzako anapatikana. Hifadhi michoro yako ya rasimu ikiwa na tarehe. Jiandikishe SOCODA, shirika letu la haki za watunzi. Ukichora kwa agizo la mteja, mkataba useme nani anabaki na haki, kabla hujapokea franka moja.

Yule kijana wa Kambale ana mkono mzuri, na ndiyo maana nimekasirika. Lile jani la kahawa kwenye paji la uso ni wazo lake mwenyewe, halimo katika manga yoyote, na ndicho kitu pekee kwenye karatasi ile kilichonifanya nitake kujua hadithi. Afute mengine yote, abaki na jani, amchoree mtu wa kulivaa. Akirudi na huyo mtu, tutazungumza juu ya sheria. Akirudi na asilimia, mlango utakuwa umefungwa.