Wanga wa Nyumbani, Msaidizi wa Mshonaji

Ninyi akina mama mkaao Sale na katika nyanda za juu za Karatu, mwajua jinsi baridi ya Juni na Julai inavyoingia nyumbani usiku. Kwa sababu hiyo wako miongoni mwenu wanaoshona mifarishi, yaani mablanketi mazito yaliyoungwa kwa masalio ya kanga, vitenge na merikani. Kazi hii ni njema, maana kitambaa ambacho kingetupwa hugeuka kuwa joto la mtoto. Lakini mara nyingi mshonaji huona taabu: vipande havilingani, kimoja kimetanuka na kingine kimejikunja, na mshono wapinda kama njia ya mbuzi.

Sababu yake ni hii. Kitambaa kilichofuliwa mara nyingi huwa laini, nacho kikikatwa mshazari huvutika mkononi. Dawa yake ni kukitia wanga kidogo kabla ya kukikata, ili kikae imara kama karatasi. Wala si lazima kuununua dukani. Waweza kuutengeneza jikoni mwako.

Lakini kwanza nikusimulieni kosa langu mwenyewe. Mfarishi wangu wa kwanza niliushona kwa ajili ya mtoto mchanga aliyetazamiwa nyumbani kwetu. Nilidhani ya kuwa wanga ukizidi, uzuri nao utazidi. Basi nikautia mzito, nikapiga pasi, nikaukunja sandukuni bila kuufua. Mvua zikapita. Siku ya baridi nilipofungua sanduku nilikuta ukungu, na mende na panya wametoboa matundu mengi. Mtoto akalala akifunikwa kanga tupu usiku ule, nami nikaona haya. Jirani yangu, bibi mzee, akautazama, akasema, "Mwanangu, wanga ni chakula. Uliweka chakula sandukuni, wakaja wenye njaa."

Nikamwuliza, "Nifanyeje basi, bibi?"

Akajibu, "Utumie kazini, na kazi ikiisha ufue utoke."

Neno hilo ndilo shina la habari hii.

Sasa tuone jinsi ya kuutengeneza. Wabatemi wa Sale, ambao wengine huwaita Wasonjo, tangu zamani wamenywesha mashamba yao kwa mifereji itokayo chemchemini, na viazi vitamu ni miongoni mwa mazao yao. Viazi vitamu vina wanga, na muhogo una wanga mweupe zaidi. Twaa kilo 1 ya muhogo mbichi au viazi, menya, osha, kisha paruza kwa bati lililotobolewa kwa misumari. Changanya na maji safi kiasi cha lita 3, ukamue kwa kitambaa safi juu ya beseni. Acha maji yale yatulie kwa muda wa saa 4. Utaona unga mweupe umeshuka chini. Mwaga maji ya juu polepole, tia mengine safi, koroga, uache utulie tena. Mwisho mwaga maji, uanike unga juani hata ukauke kabisa, kisha uweke katika kopo lenye kifuniko.

Angalia sana: maji yaliyotoka katika muhogo mchungu yana sumu. Usiyaache mahali ambapo mbuzi, kuku au watoto waweza kuyanywa.

Wanga hauyeyuki katika maji baridi. Chembe zake huzama tu. Zikipata moto hunywa maji, huvimba na kuwa uji mwangavu; na uji huo ukikauka juu ya kitambaa hushikamanisha nyuzi. Kwa hiyo koroga kijiko 1 cha chakula cha wanga katika maji baridi kidogo, hata madonge yaishe. Mimina katika nusu lita ya maji yanayochemka, huku ukikoroga, uache uchemke dakika 1 au 2. Ukipoa, uchuje kwa kitambaa, ndipo uutie katika chupa ya kupulizia. Asiye na chupa hiyo aweza kunyunyiza kwa kifagio kidogo cha majani safi. Tengeneza wa kutosha siku 2 tu. Ukianza kunuka uchachu, mwaga. Na siku ambayo huna nafasi, maji yaliyochemshiwa wali yafaa pia.

Kabla ya kunyunyiza, fua kitambaa na kukisuuza vema, kwa maana sabuni iliyobaki huleta umanjano chini ya pasi. Kanga mpya nayo ifuliwe, kwa kuwa ugumu wake ni wanga wa kiwandani. Nyunyiza kwa wepesi, na kitambaa cheusi kinyunyizwe upande wa ndani, kisionyeshe madoa meupe. Ngoja unyevu uingie, kisha piga pasi isiyo ya moto mno, ukiigandamiza na kuiinua, wala usiiburute, usije ukavuta kitambaa. Ndipo upime, ukate na kushona.

Wanga uliozidi umewahi kuwadanganya watu wengi. Baada ya mapatano ya mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta Unguja nguo nyingi za pamba, ndiyo asili ya jina merikani. Misafara ikazichukua hata bara. Katika karne ile ile baadhi ya viwanda vya Lancashire, Uingereza, vilijaza nguo zao wanga na udongo mweupe ili ziwe nzito. Mnunuzi aliona nguo nene dukani. Akiifua mara moja, uzito ukaenda na maji, akabaki na kitambaa chepesi kama chandarua. Basi wanga ule ulificha udhaifu wa nguo, bali wanga wako wasaidia mkono wako. Tofauti huonekana siku ya kufua.

Kwa hiyo, mama, mfarishi ukiisha kushonwa, ufue kwa maji ya uvuguvugu, usuuze mara mbili, uanike juani hata ukauke mpaka ndani, ndipo uuweke. Mishono itabaki imenyoka ingawa wanga umekwenda zake. Haba na haba hujaza kibaba. Kipande kwa kipande, kabla ya Juni kufika, mtoto wako atapata cha kujifunika.